Pengo

Bwana Skogstad alikuja Machi, theluji ya Duluth bado imegoma kuondoka.
Akafuta viatu mara mbili, akakataa sukari,
akatandaza alfabeti juu ya meza yetu:
mpango A, mpango G, mpango N,
kama mwalimu wa chekechea aliyepewa darasa la wazee.

Serikali, alisema, italipa themanini katika kila mia.
Ishirini zinazobaki ni zenu.
Akachora ukuta kwa kalamu, na katikati ya ukuta, ufa.
"Mimi nauza saruji," akacheka peke yake.

Wewe, Eino, ulipiga mluzi kupitia pengo lako,
la jino uliong'olewa na waya wa gatini mwaka wa mgomo,
nikajua unapiga hesabu.
Pensheni ya kupakia madini haina unene.
Mafuta ya kupasha nyumba, vidonge vya presha, chakula cha paka,
kisha kadi mbili,
maana bima hii haitambui ndoa:
kila mwili na kadi yake, kila moyo na ada yake.

"Mwandike Aune," ukasema. "Yeye ndiye anayekohoa."

Nilibisha. Nilibisha mpaka kahawa ikapoa.
Ukasema kifua changu kimekula vumbi la kiwanda cha karatasi miaka ishirini na sita.
Ukasema wewe ni chuma, na chuma umekipakia melini maisha yako yote, unakijua.
Skogstad akasema taratibu: mna miezi sita.
Ndani ya miezi sita hakuna atakayewauliza kitu.
Baada ya hapo dirisha linafungwa,
nao wataanza kuuliza habari za moyo.

Hukumtazama. Ulikuwa ukimkuna paka.

Dirisha likafungwa Septemba.
Kifua changu kikapona chenyewe, nikaona aibu,
kama mtoto anayeacha kulia akishanunuliwa peremende.
Na wewe, Januari, koleo mkononi, njia ya gari imesafishwa nusu,
ukakaa chini kwenye theluji
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Sitasimulia hospitali. Walikupasua vizuri, wakakushona vizuri.
Nitasimulia bahasha.
Zilikuja moja moja, nyembamba, zenye adabu:
ya mtu wa nusukaputi, ya maabara, ya ambulensi,
ya daktari ambaye hakuna kati yetu anayeukumbuka uso wake.
Kila moja ilieleza kwanza ukarimu wa serikali,
kisha, chini, kwa wino uleule, fungu letu.
Ishirini katika mia ni kidogo,
hadi uambiwe mia ya nini.

Tukauza lori lenye jembe la theluji.
Tukauza kimoja cha viwanja vyetu viwili vya kaburi;
ukasema tutabanana.

Kadi yangu imo pochini, haijawahi kutumika,
jina langu limetuna juu yake.
Nikitafuta chenji dukani vidole vyangu huisoma bila kuombwa.
Ulininunulia mwavuli, mvua ikakuchagua wewe.

Jana nikasema niikatishe, ada yake iende kwenye deni.
Ukainuka kitini (siku hizi unainuka kwa mikono miwili),
ukaitia hundi ya mwezi ndani ya bahasha,
ukailamba, ukabandika stempu, ukaigonga kwa ngumi.
Hukusema neno. Hata paka alinyamaza.
Haya basi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta,
nasi tunaujenga,
tofali moja kila tarehe tano.

Usiku unalala chali, kama walivyokuagiza.
Pumzi inapita kwenye lile pengo,
inatoka na mluzi mwembamba, usio na wimbo.
Ninahesabu, moja baada ya nyingine.
Nikifika themanini, siachi.